Chapa ya Ng'ombe wa Babu

Nilichorwa tatuu nikiwa na miaka thelathini na minane, umri ambao mwanamke wa Igogo anatazamiwa awe kwenye kikundi cha kina mama na awe analalamikia magoti. Kikundi ninacho, na magoti nayalalamikia. Lakini juu ya mkono wangu wa kushoto, chini kidogo ya bega, nina chapa ya ng'ombe. Ni nusu duara iliyolala chali juu ya vijiti viwili, na kitone katikati. Watu wameisoma kila namna. Mteja mmoja aliniuliza kama ni jiko la mkaa. Mama anayeuza dagaa mkabala na kibanda changu cha cherehani aliona nguzo ya umeme, akataka kujua nimeajiriwa huko lini. Mzee wa kanisa hakuuliza kitu, aliinyooshea mkono akaiombea.

Mambo yalianza pale baba alipoamua kulijengea kaburi la babu. Baba ni mwalimu mstaafu, na mwalimu akistaafu nguvu zote alizokuwa akizimalizia kwa wanafunzi zinarudi kwa familia. Babu alikuwa amelala miaka ishirini na minane kijijini kwetu, upande wa Misungwi, chini ya rundo la mawe lililozungukwa na minyaa. Baba akasema ni aibu. Mtu aliyekuwa na zizi kama lile hawezi kulala kama muhogo uliosahaulika.

Hilo zizi ndilo lililotulea sote kwa maneno. Tangu nikiwa mdogo, baba hakupita harusi wala msiba bila kulitaja. Alisema sisi ni watoto wa zizi. Alisema ng'ombe wa mzee walipokuwa wanarudi jioni, vumbi lao lilikuwa linaziba jua. Mwenyewe alipelekwa kusoma kwa mjomba wake mjini akiwa na miaka saba, kwa hiyo hilo vumbi aliliona wakati wa likizo tu, lakini kwa jinsi alivyokuwa akilieleza ungekohoa. Babu alipofariki nilikuwa na miaka kumi. Baada ya mazishi zizi lilikuwa tupu. Bibi alisema ng'ombe wamekwisha, na kwa kuwa ng'ombe huwa wanakwisha, hakuna aliyeuliza zaidi.

Sasa baba alitaka kaburi la saruji, na juu ya saruji, chapa ya ng'ombe wa mzee, ili vizazi vijue. Akaitisha kikao nyumbani kwake Nyakato akauliza nani anaikumbuka. Watu wakatazamana. Mtu mmoja akasema tumuulize bibi, wengine wakasema bibi amezeeka, anakuuliza umekula mara tatu huku unakula. Ndipo nikasema mimi naikumbuka.

Na kweli naikumbuka kuliko sala. Likizo zote nilikuwa nachuchumaa pembeni ya babu akikamua ng'ombe mmoja mweusi mwenye doa jeupe shingoni. Chapa ilikuwa pajani, manyoya hayakuota tena pale, na ngozi ilikuwa laini. Nilikuwa naipitishia kidole, duara, kijiti, kijiti, kitone. Siku moja nilimuuliza babu hii ni nini. Hakuacha kukamua. Alisema ni alama ya mwenye ng'ombe.

Nikachukua chaki ya fundi, nikaichora kwenye kipande cha kitambaa. Baba alikishika kile kitambaa kwa mikono miwili, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Sijawahi kumpendeza baba kiasi kile. Mimi ndiye mtoto niliyefeli kidato cha nne, niliyeishia kwenye cherehani, ambaye kwenye vikao naulizwa chai iko wapi. Siku ile nilikuwa shahidi pekee wa ukoo mzima. Kichwa kilivimba, nakiri. Nikajiambia, kama inafaa kwenye saruji, kwa nini isifae kwenye mwili wangu.

Mchora tatuu alikuwa na chumba nyuma ya saluni ya kiume, hapo hapo Igogo. Alikuwa kijana mwenye adabu, mikono imejaa michoro mpaka kwenye kucha, na alinisalimia shikamoo kwa namna iliyonifanya nijione nimekuja kuchukuliwa vipimo vya jeneza. Kabla ya kunigusa alinipa mhadhara. Alianza na Misri ya kale, ambako alisema wanawake walichorwa hata kabla ya sisi kujua kushona. Akapita kwa mabaharia, akapita kwa Wamakonde na nembo zao za usoni, akapita kwa bibi zetu wa ziwani na chale zao, akaja kuishia kwa wacheza mpira. Nilihisi historia yote ya binadamu ilikuwa inaelekea kwenye kile kiti chake cha plastiki.

Kisha akaniuliza maswali. Nina kisukari? Nina presha? Nimekunywa pombe tangu jana? Nikijikata, kovu langu huvimba likabaki limevimba? Akanionyesha sindano mpya, akaifungua mbele ya macho yangu, akasema popote nitakapokwenda maishani, nikiona mtu anachora kwa sindano ambayo sikuiona ikifunguliwa, nisimame niondoke hata kama amenichora nusu. Akamimina wino mpya kwenye kikombe kidogo. Akasema wiki mbili nisiingie ziwani, nisikae juani, na tatuu ikiwasha nisiikune. Mwishoni akaniletea karatasi ya kusaini. Swali la mwisho lilikuwa kama nina uhakika na mchoro wangu na maana yake.

Nilisaini bila kusoma mara ya pili. Yeye bado alisita, akaniambia wanawake wengi hupenda kipepeo, na kwamba mchoro wangu ni mzuri ila unafanana kidogo na jiko. Nikamwambia hiyo ni heshima ya babu yangu. Akaomba radhi akawasha mashine. Sindano ya cherehani imeshanipita kidoleni mara tatu, kwa hiyo nilidhani maumivu tunajuana. Hatujuani. Ya cherehani inakuingia mara moja na kuona aibu. Hii ilikuwa inaingia na kutoka kana kwamba inatafuta kitu ilichokisahau humo ndani.

Baba alipouona mkono wangu hakukasirika, na hilo peke yake lilitakiwa linishtue. Alisema vizuri, sasa tuna sampuli. Akanipeleka kwa fundi wa kuchomelea jirani na kwake, ili atengeneze muhuri wa nondo wa kugandamizia kwenye saruji. Kile kitambaa kilikuwepo, lakini fundi alipenda zaidi mkono. Alinipima kwa futi ya chuma, akaniambia nisipumue. Ngozi ilikuwa bado imevimba, kwa hiyo hata uvimbe wangu uliingia kwenye vipimo. Muhuri ulitoka mzito, mnene, na mpini mrefu. Baba aliufunga kwenye gazeti, akaupakata njia nzima.

Kazi ya kaburi ilipangwa Jumamosi. Mimi nilitangulia Ijumaa, nikapanda basi stendi ya Nyegezi, nikafika mchana. Bibi alikuwa amekaa barazani anachambua choroko. Nikapiga magoti nikamwambia shikamoo.

"Marahaba, mke mwenzangu," akasema. "Umekula?"

Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, kwa sababu mjukuu wa kike ni mke mdogo wa babu yake, na sisi wawili tuna mume mmoja hata kama amelala chini ya minyaa. Nikamwambia nimekula. Nikamwambia pia nina zawadi ya mume wetu. Nikapandisha mkono wa blauzi.

Bibi hakushtuka kuona mwili umechorwa. Mwenyewe ana chale safu kwa safu tumboni na mgongoni, alizochanjwa akiwa msichana kwa mwiba na wembe na kupakwa masizi, wasichana watano siku moja na wembe mmoja. Anasema wakati ule hakuna aliyeuliza habari ya sindano mpya, waliuliza nani analia. Zilikuwa urembo, na zilikuwa heshima. Baadaye mchungaji mmoja akahubiri kwamba alama zilizo matumboni mwa wanawake wa kijiji kile ni alama za giza, na bibi akasimama kanisani akamuuliza amezionaje. Kwa hiyo mkono wangu aliuangalia kwa macho ya mtaalamu. Akauvuta karibu. Akapitisha kidole, duara, kijiti, kijiti, kitone.

Halafu akacheka. Alicheka mpaka ungo wa choroko ukamtoka mapajani. Nilidhani ni furaha, nikacheka naye. Alipopata pumzi akaniuliza ni nani aliyenitia chapa ya watu.

Nikamwambia ni ya babu. Bibi akaacha kucheka. Akanitazama kwa muda, kisha akatazama kule kwenye minyaa, kana kwamba anaomba ruhusa. Akaniambia kwa utulivu, huku akiokota choroko moja moja, na mimi nikiokota pamoja naye kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine.

Kwetu, mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote mahali pamoja. Anawagawa kwa watu wenye majani na mikono, wamtunzie. Ugonjwa ukija hauwamalizi wote, na majirani hawaujui utajiri wake. Mtunzaji anapata maziwa na mbolea, na akijaliwa, siku moja anapewa ndama. Babu alikuwa mtunzaji. Ng'ombe wote wale, pamoja na mweusi wangu mwenye doa, walikuwa wa tajiri wa kijiji cha pili. Babu alijaliwa ndama mara moja tu, na fisi akamla siku ya nne. Alipofariki, mwenye mali alisubiri arobaini ipite, kwa heshima, ndipo akaja kuwachukua. Bibi akasema wamekwisha.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema baba alikuwa anarudi likizo na wenzake wa shule, anawaonyesha zizi, na babu alikuwa anasimama pale na fimbo yake, hasemi ndiyo wala hapana. Utaanzia wapi kumwambia mtoto. Halafu mtoto akawa mwalimu, akaoa, akastaafu, na bado hapakuwa na siku nzuri ya kumwambia.

Nilikuwa na hasira, na sioni haya kusema. Nilimkasirikia babu kwa kunijibu ukweli mtupu na kuniacha niuelewe vibaya. Nilimkasirikia bibi. Zaidi nilijikasirikia mwenyewe, maana mchora tatuu, mtoto wa juzi, aliniuliza kama nina uhakika, na mimi nikasaini. Kisukari niliulizwa, presha niliulizwa. Jambo moja la kufanya kabla ya kuchorwa lilikuwa kupanda basi nikamuulize mwanamke mmoja mzee, naye nilimwacha kwa sababu anasahau chakula.

Lakini mkono wangu ulikuwa jambo dogo. Kesho yake baba angegandamiza chapa ile juu ya babu mbele ya watu. Na huyo tajiri alikuwa na mtoto, mzee sasa, aliyealikwa. Babu angelazwa milele na chapa ya tajiri juu yake, kama ng'ombe wake aliyepotea akapatikana. Bibi aliniambia nimwambie baba, kwa sababu mimi ndiye niliyeileta ile alama. Nikaahidi.

Baba alifika asubuhi na mafundi. Nilivaa sweta, nalo jua la siku ile lilikuwa la kukaushia dagaa. Nilimfuata wakati wa chai, akaanza kunisomea hotuba yake, yenye vumbi linaloziba jua, nikanyamaza. Nilimfuata kwenye lundo la mchanga, akanishika bega mbele ya fundi na kusema huyu ndiye kumbukumbu yetu. Aliligusa palepale penye kidonda. Nikasema asante.

Saa saba zege lilikuwa limemwagwa, limesawazishwa kwa mwiko, linang'aa. Wageni walikuwa wamekaa. Mzee wa kijiji cha pili alikuwa mstari wa mbele, na kofia yake gotini. Baba akamaliza hotuba, akafungua gazeti, akautoa muhuri, akaunyanyua wote wauone. Nilimwona yule mzee akiutazama. Alimgeukia bibi, bibi akanigeukia mimi.

"Baba, subiri," nikasema. "Hiyo siyo alama yetu."

Baba alitabasamu, akasema mimi ndiye niliyeichora. Nikasema ndiyo, niliichora kwa usahihi, ndiyo shida yenyewe. Nikavua sweta, sijui kwa nini, labda nilidhani mkono utanieleza vizuri kuliko mdomo. Yule mzee akasimama polepole. Akasema kwa sauti ya kumwonea baba huruma kwamba alama ile ni ya marehemu baba yake. Lakini akaongeza kwamba babu aliwatunza wale ng'ombe miaka mingi kuliko mwenye mali alivyowaona, na kama familia inaitaka alama ile kaburini, wao wanaitoa, na waseme wote kuanzia leo kwamba ng'ombe walikuwa wa babu.

Lilikuwa neno la kiungwana, na nilimwona baba akilishika kama mtu aliyetupiwa kamba ndani ya maji. Nadhani angelikubali. Bibi ndiye aliyeinuka.

"Hakuomba ng'ombe akiwa hai," akasema. "Hataomba akiwa ndani ya saruji."

Akaingia ndani. Akatoka na fimbo ya babu ya kuchungia, ile iliyokuwa imechomekwa darini miaka yote, nyeusi kwa moshi. Akashikiliwa kiunoni na mafundi wawili, akainama, akailaza juu ya zege bichi pale ulipotakiwa muhuri, akaikandamiza kwa viganja vyake. Kisha akaitoa. Ikabaki alama ya fimbo tu.

Baba alikuwa bado ameshika muhuri wa nondo. Alikuwa na miaka sitini na sita, na alimuuliza mama yake kwa sauti ya mtoto aliyerudi likizo.

"Na wale ng'ombe, mama?"

"Walikuwa wanakuja kulala tu," bibi akasema. "Ng'ombe za watu. Maziwa yalikuwa yetu. Uliyanywa, mengine yakauzwa ukaenda shule."

Baba alikaa chini kwenye ukingo wa kaburi, akasahau suruali yake nzuri na saruji mbichi. Alilia. Hakulia kwa aibu, najua aibu ya baba ilivyo, inakuja na kikohozi. Halafu akainuka, akaenda kwa yule mzee akamkabidhi muhuri kwa mikono miwili, maana ni mali yao. Mzee aliupokea kwa heshima akaondoka nao kwapani. Nasikia nyumbani kwao wanautumia kuwekea sufuria jikoni, na unafaa sana.

Wiki ile ile nilirudi kwa mchora tatuu. Alidhani nimekuja kufuta, akaanza kunieleza kwa upole kwamba kufuta ni shughuli ndefu kuliko kuchora, na kwamba anaweza kuifanya kipepeo. Nikamwambia achore mstari mmoja, ukatize juu ya ile chapa kuanzia pembe hadi pembe. Akaniuliza kama huo ni mkato. Nikamwambia ni fimbo. Aliniangalia, akaleta tena ile karatasi, na safari hii niliisoma yote. Kwenye swali la mwisho nilimwomba anisubiri kidogo nifikirie, akasubiri, nikasaini.

Mstari ulipopona nilikwenda kijijini kumwonyesha bibi. Aliniuliza nimekula. Akauvuta mkono wangu, akapitisha kidole chake juu ya fimbo tangu mwanzo, polepole, mpaka karibu na mwisho, akasimama hapo.

"Haikunyooka hivi, mke mwenzangu," akasema. "Hapa ilikuwa imepinda. Alikuwa anaiegemea kisimani, anangoja ng'ombe za watu zishibe maji."